Bustani Niliyoikosea Hesabu Rasbura

Siku mliyoniaga pale kitaluni mlinipa doti mbili za kanga na sufuria kubwa, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi, yale niliyokuwa nikisema nitawaeleza siku nyingine na siku yenyewe isifike. Kanga ninazivaa, sufuria ninaipikia. Hili la kuandika ndilo lililochelewa, kwa sababu mkono wangu umezoea kisu cha kupogolea kuliko kalamu. Humu msitafute habari za vyeo wala mishahara. Cheo changu mnakijua: niliitwa fundi nilipoanza kuaminiwa, nikaendelea kuitwa fundi hadi mwisho.

Nilikuja Lindi mjini kutoka Rutamba nikiwa msichana, nikafikia kwa shangazi. Shangazi ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Mnali, mwenye kitalu, akamwambia, "Huyu amekulia shambani, haogopi udongo." Mzee Mnali alinitazama mikono, uso hakuutazama. Mimi nilidhani kazi ya kitalu ni maua. Siku ya kwanza sikugusa ua hata moja. Nilishinda nimechuchumaa nikijaza viriba, ile mifuko midogo myeusi ya kuoteshea miche. Nilitaka aone bidii yangu, nikawa nashindilia udongo mpaka kila kiriba kikawa kigumu kama tofali. Alasiri akaja, akabonyeza kimoja, akakimwaga. Akamwaga cha pili. Alivimwaga vyote bila kugomba, kisha akachuchumaa kando yangu, akajaza kimoja taratibu ili nione.

"Mzizi nao unataka pa kupita," alisema. "Kesho uanze upya."

Nililia njia nzima. Shangazi akauliza kama nimepigwa. Nikamwambia hapana, nimemwagiwa.

Mzee Mnali alikuwa na vifaa vichache na hakuna alichomwazima mtu. Alichokipenda zaidi ni mtaimbo, kile chuma kirefu kizito cha kutobolea ardhi. Kabla ya kumtajia mteja gharama ya bustani, aliuchomeka uani mahali pengi: getini, katikati, karibu na ukuta, karibu na jiko. Alikuwa akisikiliza. Penye mchanga unazama kimya. Penye mwamba wa matumbawe unalia na kukurudia mkononi. Penye shimo la zamani unatoa mlio mzito wa ndani, kama unapogonga pipa tupu. Wateja wengine walimwona kama mganga anayesaka kitu kilichofukiwa. Yeye aliendelea tu. "Juu kote huku pwani ni mchanga mzuri," aliniambia, "lakini hujui umelalia nini."

Hata yeye aliwahi kukosea. Tulikwenda Kilwa Masoko kupanda ukoka kwenye nyumba moja ya wageni, uwanja mzima mpaka karibu na maji. Tulipanda kwa siku nne tukiwa tumeinama, tukawaonyesha jinsi ya kumwagilia, tukarudi Lindi tukijisifu. Baada ya wiki chache tukaitwa. Uwanja wote ulikuwa rangi ya mkeka. Mzee Mnali akachota maji ya kisima chao kwa kiganja, akaonja, akatema. Yalikuwa ya chumvi. Hakusema kwamba mwenye nyumba alipaswa kumwambia. Alisema, "Nilipaswa kuonja kwanza." Tukapanda upya kwa jasho letu, safari hii majani yanayovumilia chumvi. Wakati wa kurudi nilinung'unika kwamba tumefanya kazi bure. Akanijibu kwamba bure ilikuwa ile ya kwanza.

Nawasimulia hilo kwa sababu miaka mingi baadaye, yeye akiwa ameshafariki na kitalu kikiwa mikononi mwetu, mimi nilifanya kosa la namna hiyohiyo, na sikuwa na kisingizio hata kimoja.

Mteja alikuwa Mwalimu Athumani wa Rasbura. Wengi wenu mlimjua kwa sura, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye baiskeli. Alikuja kitaluni na daftari la mistari, ndani amechora ua wa nyumba yake kwa rula. Kulikuwa na njia pana ya pevingi, vile vitofali vya saruji vya kutandaza nje, kuzunguka nyumba yote. Kulikuwa na vitalu vya maua kila upande, na katikati kibwawa kidogo chenye pampu ya kurusha maji. Ufuta wa shamba lake la Kilangala ulikuwa umempa mavuno mazuri mwaka ule, na alichopata alitaka kukiweka pale.

Nikamuuliza kwa nini kibwawa. Akafunga daftari.

"Mke wangu anapoteza macho, Fundi. Presha ya macho. Daktari anasema dawa zinachelewesha, hazirudishi. Sasa hivi anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ameanguka uani mara mbili, na tangu hapo hatoki nje mpaka ashikwe mkono. Nataka ajifunze njia akiwa bado anaona kidogo. Ikizimika kabisa, miguu yake iwe imeshajua. Na maji yakilia pale katikati, kila wakati atajua yuko wapi."

Nilikwenda kupima siku ya pili yake. Ilikuwa Ramadhani, jua kali, na mimi nilikuwa nawaza futari ambayo sijaiandaa. Nilichomeka mtaimbo mara moja, getini, ukazama kwenye mchanga mpaka nusu. Nikasema vizuri. Nikapima urefu na upana, nikamwandikia makadirio, nikaenda zangu. Nimeandika "mara moja" na mkono umesita, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulianza kazi baada ya Idi, mimi na Rashidi, fundi wa mawe ambaye nimefanya naye kazi nusu ya maisha yangu. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Siku ya tatu, katikati ya ua, sururu ikaanza kulia. Chini ya mchanga wa shubiri moja palikuwa na mwamba, bapa, kuanzia ukuta hadi karibu na jiko, na juu yake maji ya mvua yalikuwa yamekaa bila pa kwenda. Vitofali vingetandazwa pale, vingetitia mvua ya kwanza. Ilibidi kuvunja mwamba, kuchimba mtaro wa kutolea maji, kuleta kifusi. Tulipokuwa bado tunahangaika na hilo, toroli la Rashidi likazama gurudumu karibu na ukuta wa nyuma. Lilikuwa shimo la choo cha zamani, lililofunikwa na mwenye nyumba wa kwanza kwa mabati na mchanga. Mwalimu mwenyewe hakulijua.

Lori la kifusi likaja, likaja jingine, na jingine. Wiki ya pili haijaisha, fedha zote za Mwalimu zilikuwa zimeingia ardhini. Ua ulikuwa na mitaro, malundo ya mawe na shimo lililozungushiwa kamba. Mwanamke tuliyekwenda kumfungulia njia sasa hakuweza hata kufika mlangoni. Tulikuta pagumu, tukapaacha pabaya zaidi.

Nitawaambia nilichofikiri, kwa sababu na ninyi siku moja mtafikiri hivyo. Nilifikiri tulifunike lile shimo kwa zege jembamba, tupitishe njia juu yake. Lingekaa mwaka, pengine miwili. Nani angejua? Kisha nikakumbuka atakayepita juu yake. Mtu mwenye macho huona ufa, akaukwepa. Huyu angeukanyaga.

Nikamwambia Rashidi tuweke vifaa chini, nikamwita Mwalimu. Nilimweleza yote, pamoja na ule mtaimbo wa mara moja. Hakugomba. Alikaa juu ya jiwe, akalifungua daftari lake, akalifunga.

"Kuna mtu analitaka shamba la Kilangala," alisema. "Nitamuuzia. Wewe endelea."

"Mwalimu, shamba ndilo linalowalisha."

"Najua linalonilisha. Endelea, ila mke wangu, Bi Mwanaidi, asijue."

Nilirudi nyumbani. Kesho yake sikuchimba. Nilikwenda kwa nia ya kumzuia Mwalimu, nikaambiwa ametoka. Sauti ikaniita kutoka ndani.

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa mbele ya cherehani yake. Alikuwa akipinda kanga kwa kupapasa, vidole vikitangulia sindano kwa namna iliyonitisha kutazama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sogeza hizo nguo ukae." Kisha akaniita kwa jina langu: "Somoe, malori yameingia mangapi?"

Nikajifanya nakunja zile nguo nilizosogeza.

"Mimi nimesikia matano. Mwalimu aliniambia mawili. Na tangu jana sisikii sururu. Mtu akiacha kuchimba ghafla, ama amemaliza ama ameishiwa. Ninyi hamjamaliza. Mnaruka mtaro kuja kunisalimia, nasikia mnavyohema."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye mtaimbo nilisema tena kwamba kosa ni langu. Akaendelea kupinda kanga yake mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Na shamba?"

Nilitazama chini, kana kwamba angeweza kuusoma uso wangu.

"Basi nimeelewa," alisema. "Mwalimu ni mtu mzuri sana, ila akinionea huruma anakuwa kama kipofu yeye. Hicho kibwawa nani alikitaka?"

"Yeye, dada. Ili usikie maji."

"Na hiyo njia ya kuzunguka nyumba nzima? Niende wapi nazunguka nyumba, kama hujaji anayetufu Kaaba?" Akacheka kidogo. "Tangu mmeanza, kuna mtu aliyeniuliza nataka nini?"

"Hakuna."

"Niulize."

Nikamuuliza. Alijibu mara moja, inaonekana jibu lilikuwa limekaa hapo siku nyingi. Alitaka kutoka mlango wa jiko, kufika kwenye kamba ya nguo, kuanika, na kurudi. Alitaka pa kukaa karibu na geti, ili wapita njia wamsalimie naye ajue mji unaendeleaje. Na alitaka yale maua yake, ambayo kwa miaka yote aliyaotesha kwenye makopo, yapandwe njiani ili pua imwambie amefika wapi. Zaidi ya hapo hakutaka kitu.

Mimi, na kazi yangu ya miaka yote hiyo, nilikuwa nimeketi na mwenye fedha nikasahau kuketi na mwenye miguu.

Mwalimu aliporudi, alitukuta wote wawili tunamngoja. Bi Mwanaidi hakumpandishia sauti. Alisema tu, "Athumani, shamba haliuzwi. Leta daftari lako na kifutio."

Alileta. Alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mkewe, mtu mzima yule, akaanza kufuta. Alifuta njia ya nyuma, akafuta vitalu vya upande wa mashariki. Alipofika kwenye kibwawa, mkono ukasimama.

"Nilitaka usikie maji," alisema.

"Nakusikia wewe, inatosha. Unaongea kuliko bomba."

Akakifuta. Akapuliza vumbi la kifutio. Bi Mwanaidi akanyoosha mkono, akampata kichwani, akauacha pale. Nilisema naenda kumwona Rashidi, ingawa Rashidi hakuwepo siku hiyo.

Kilichofuata ni kazi ya akili zaidi ya mikono. Pampu na sehemu kubwa ya vitofali vilikuwa vimeshanunuliwa, bado viko kwenye maboksi na kwenye mpangilio wake. Nikavipeleka kwa Bwana Murtaza, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo babu yake ndiye aliyelifungua. Kila risiti yake ina mhuri kwamba bidhaa iliyouzwa hairudishwi. Nilimweleza habari yote tukiwa tumesimama. Akaichukua risiti, akaivutia karibu, akaisogeza mbali.

"Mhuri huu niliuchonga mimi," alisema. "Ngoja nivae miwani nione kama bado unasema hivyo."

Akavaa miwani, akasoma kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyo. Mwishoni akasema fedha hawezi kurudisha, ila atabadilishana kwa saruji na mabomba ya mtaro. Ndivyo hasa tulivyovitaka. Nanyi mkiona kazi imewazidi, rudisheni visivyotumika mapema, kabla maboksi hayajaloa.

Lile shimo la choo hatukulifunika. Tulilijaza yale mawe ya mwamba tuliyoyavunja, juu tukaweka udongo na samadi, tukapanda migomba, ambayo mahali kama hapo hustawi kuliko popote. Njia tukaipindisha ipite mbali nalo. Mawe mengine Rashidi aliyachonga yakawa kingo za njia, yamesimama kidogo ili unyayo uyajue. Nje ya kingo tukamwaga kokoto, ukikosea hatua unasikia. Tuliyokuwa tukiyalaani wiki nzima ndiyo yaliyotuokoa na lori jingine.

Rashidi alilipwa siku zake zote, kosa halikuwa lake. Siku za kurekebisha zilizohusu kosa langu sikuziandika kwenye hesabu ya malipo. Mwalimu alipinga. Nikamwambia kuna mzee mmoja aliwahi kunifundisha kupanda ukoka mara mbili, Mwalimu akaacha kubishana.

Upana wa njia tuliupima kwa Bi Mwanaidi mwenyewe. Alisimama akatanua viwiko kidogo, kama anayebeba beseni la nguo, Rashidi akaweka alama. Kila tulipotandaza vitofali hatua kumi, alikuja kuvipita bila viatu, Mwalimu akimshika mkono.

"Hiki cha tatu kinacheza," alisema.

Rashidi, ambaye hapendi kukosolewa kazi, alikikanyaga, akasema kiko sawa. Bi Mwanaidi akangoja. Rashidi akakikanyaga tena kwa kisigino, akainama, akakitoa. Kuanzia hapo hakuweka kitofali bila kumuuliza.

Maua yalitoka kwenye makopo yake. Rihani tuliipanda nje ya mlango wa jiko, mchaichai kwenye kona ya njia ili kanga ikiugusa unukie, yasmini kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Majirani waliposikia, walianza kuleta vipandikizi, kila mmoja na maelezo yake ya jinsi ya kupanda, nasi tukawa tunasikiliza kwa adabu. Benchi karibu na geti lilikuwa dawati bovu la shule alilolirekebisha Mwalimu. Ndicho kitu pekee alichotukatalia tusikiguse.

Baadaye nilikuwa napita kila mara kuangalia miche, au ndivyo nilivyosema. Mwanzoni alitembea ameshikwa. Kisha Mwalimu akawa anatembea nyuma yake. Asubuhi moja nilifika nikamkuta Mwalimu amesimama ndani ya mlango wa jiko, mkono mmoja umenyooka mbele, hausogei. Akanifanyia ishara ninyamaze. Bi Mwanaidi alikuwa njiani peke yake, beseni kiunoni. Kwenye mchaichai alisimama, akanusa, akapinda kulia. Alifika kwenye kamba, akaipapasa, akaanika shuka, akavuta ncha zote mbili ziwe sawa. Mwalimu hakushusha mkono mpaka mkewe aliporudi na kuugusa.

"Ulikuwa umesimama hapo muda wote?" akamuuliza.

"Sasa hivi tu ndio nimefika," alisema Mwalimu.

Macho ya Bi Mwanaidi hayakuzimika siku moja. Yalikwenda kidogo kidogo, na iliposemwa kwamba yamekwisha, ilikuwa imepita miezi kadhaa bila sisi wengine kutambua tofauti uani pale. Nimefanya bustani kubwa kuliko ile, zipo zilizopigwa picha. Ile mtaiona ya kawaida mkipita, haina hata geti zuri.

Kuanzia kazi ile sikutoa makadirio kabla ya kuuchomeka mtaimbo kila pembe, hata kama ni Ramadhani, na kabla ya kukaa na mtu atakayeitumia bustani, awe ndiye mwenye fedha au siye. Na niliongeza kwenye makadirio fungu la yasiyojulikana, nikalitaja wazi. Wapo wateja walioona nawapandishia bei wakaenda kwingine. Waliobaki tulimaliza nao tukisalimiana.

Mwezi uliopita nilikwenda Rasbura kuwaaga kikazi. Goti langu la kulia limekwisha, ndilo lililonistaafisha, na siku hiyo lilikuwa linauma sana. Mwalimu alikuwa Kilangala kwenye ufuta. Tulikaa na Bi Mwanaidi kwenye benchi, kila apitaye akimwamkia kwa jina, naye akiwajua wote kwa sauti, akiwauliza habari za watoto na za wagonjwa. Niliponyanyuka kuondoka nikaguna. Akasimama, akaupata mkono wangu, akautia chini ya kwapa lake.

"Niegemee," alisema. "Usione haya."

Tukaenda polepole, yeye mbele nusu hatua. Karibu na geti akapunguza mwendo.

"Hapa kuna kidato, mdogo wangu. Anza na mguu mzima."

Kidato kile nilikijenga mimi mwenyewe. Nilimwegemea, nikanyanyua mguu.